Mama wa Masultani, Mateka wa Jumba

Asomaye historia ya majumba ya wafalme hukutana mara nyingi na jambo la kushangaza, nalo ni kwamba mama yake mfalme hakuwa malkia. Huko Japani, Mfalme Meiji, aliyetawala tangu 1867 hadi 1912, alizaliwa na Nakayama Yoshiko, suria wa Mfalme Komei. Meiji naye hakujaliwa mtoto kwa mkewe wa ndoa, Malkia Haruko. Mrithi wake, Taisho, alizaliwa mwaka 1879 na Yanagiwara Naruko, mmoja wa mabibi waliotumika jumbani. Hata hivyo, mtoto huyo alihesabiwa rasmi kuwa mwana wa malkia, na yule aliyemzaa akabaki katika daraja lake la utumishi.

Tusidhani, ndugu wasomaji, kwamba mambo hayo ni ya Mashariki ya mbali tu. Njia ya misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo ilifika Ujiji, katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika letu. Ni njia hiyo iliyokifikisha Kiswahili ziwani, hata leo kikasemwa Buyenzi kama lugha ya nyumbani. Lakini njia iyo hiyo ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na wanadamu kuelekea pwani. Na huko pwani, katika jumba la Sultani, kulikuwa na wanawake ambao hali yao yafaa kuelezwa.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, alifariki baharini mwaka 1856. Aliacha watoto 36 walio hai, na wote walizaliwa na masuria. Mkewe mkuu, Bibi Azza binti Seif, aliyekuwa wa ukoo wa watawala wa Omani, hakuzaa. Hata hivyo ndiye aliyetawala jumba la Mtoni, lililo kando ya bahari kaskazini ya mji wa Zanzibar. Bibi huyo alikuwa mfupi wa kimo, lakini hapana aliyethubutu kukaa mbele yake bila ya idhini.

Tunayajua hayo kwa sababu binti mmoja wa jumba hilo aliyaandika. Naye ni Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mama yake aliitwa Jilfidan, mzaliwa wa nchi ya Wacherkesi katika milima ya Kaukasi. Baba yake Jilfidan alikuwa mkulima. Vita vilipofika kwao, wazazi waliuawa, na watoto watatu wakachukuliwa na wapanda farasi, kila mmoja upande wake. Jilfidan hakuwaona tena ndugu zake. Aliingia katika nyumba ya Sayyid Said angali mtoto mdogo, akalelewa pamoja na mabinti wa bwana wake, akajifunza kusoma na kushona. Alipokua alifanywa suria. Kwa maneno mengine, bwana aliyemnunua ndiye aliyekuwa mlezi wake, na mwishowe akawa baba wa mtoto wake.

Suria alikuwa nani kwa sheria? Hakuwa mke, kwa maana hakuwa na mahari wala hakumrithi bwana wake. Wake wa ndoa hawakuweza kuzidi wanne, ila masuria hawakuwa na kikomo. Lakini suria aliyezaa mtoto wa bwana wake hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Mtoto mwenyewe alizaliwa huru, mwenye haki sawa na mtoto wa mke. Ndiyo kusema kwamba mlango wa uhuru wa mwanamke huyo ulikuwa mmoja tu, nao ni tumbo lake. Tasa hakuwa na ahadi yoyote.

Haishangazi basi kwamba ndani ya kuta zile kulikuwa na husuda. Wacherkesi walijiona bora kuliko Wahabeshi, na watoto wa Wahabeshi waliwaita nduguzao wenye macho ya rangi ya samawati kuwa ni paka. Hariri na vito vilikuwapo kwa wingi, wala hapana aliyelala njaa. Lakini mwenye kufungwa katika chumba cha dhahabu amefungwa pia.

Watoto wa masuria hao ndio waliotawala Zanzibar: Majid tangu 1856, Barghash tangu 1870, kisha Khalifa, kisha Ali hadi 1893. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Leo kila mtoto wa shule Zanzibar hulijua jina la Barghash. Ni wangapi walijuao jina la mama yake?

Hapa kwetu Burundi, wake wa Mwami hawakuwa watumwa, lakini kipimo cha mtoto hakikukosekana. Mwezi Gisabo alipofariki mwaka 1908, mjane wake Ririkumutima alishika nguvu kubwa katika utawala wa Mutaga, na baada ya 1915 katika ulezi wa Mwambutsa aliyekuwa mtoto mdogo. Nguvu hiyo ilitoka katika kuwa mama wa nyumba ya kifalme.

Linalotusikitisha zaidi ni namna utumwa ulivyokoma. Mwaka 1897, kwa shinikizo la Waingereza, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mtumwa wa shamba aliweza kwenda mahakamani akadai uhuru wake. Masuria walitengwa. Ilisemwa kwamba wahesabiwe kama wake, wala wasiachiliwe ila wakithibitisha kutendewa ukatili. Walingoja miaka 12 zaidi, hadi amri ya 1909. Hata hapo palikuwa na sharti: suria aliyeondoka bila ridhaa ya bwana wake alipoteza haki ya kukaa na watoto wake. Mtoto aliyekuwa ufunguo wa uhuru wake jana, leo akageuzwa kuwa mnyororo.

Huko Japani nako mambo yalibadilika polepole. Taisho alikaa na mke mmoja, na mwanawe Hirohito alifuata mwendo huo huo. Sheria ya mwaka 1947 ikakata shauri kwamba kiti cha ufalme kirithiwe na mzaliwa wa ndoa tu.

Katika habari hizi mna fundisho. Sheria nyingi za kuwakomboa wanadamu humwona kwanza yule aliye shambani na bandarini, aonekanaye na kila apitaye. Aliye ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, husahauliwa kwa kuwa ameitwa mtu wa familia. Yatupasa tuulize katika kila jumba, kubwa na dogo: je, aliye humo anaweza kutoka, na akitoka, atatoka na mwanawe?