Kolwezi: Namba ya simu inataja kampuni, haitaji mji

Simu inalia sokoni Kolwezi. Muuzaji wa makala anaangalia namba asiyoijua: inaanza na 097. Mara moja anajua kwamba anayepiga anatumia Airtel. Lakini kama yuko hapa Manika, Lubumbashi ao Kinshasa, namba hiyo haimwambii.

Hivyo ndivyo namba zilivyopangwa Kongo. 081, 082 na 083 ni za Vodacom. 097 na 099 ni za Airtel. 084, 085 na 089 ni za Orange. Kadi iliyonunuliwa Kolwezi inatumika Goma bila kubadilisha kitu.

Haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa simu za waya za OCPT, kila eneo lilikuwa na tarakimu yake: 1 kwa Kinshasa, 2 kwa Katanga. Mtandao huo wa waya ulidhoofika, na miaka ya 2000 simu za mkononi zikachukua nafasi yake. Katanga ilipogawanywa mwaka wa 2015, Lualaba ilipata gavana wake na bunge lake, na Kolwezi ikawa mji mkuu wa jimbo. Tarakimu ya simu haikupata.

Namba inayoonyesha mahali imebaki ile ya nchi. Mashofere wa makamyo ya shaba wanaijua vizuri. Kutoka Kolwezi hadi Kasumbalesa wako kwenye 243. Wakivuka mpaka ni 260 ya Zambia, na wakifika bandari ya Dar es Salaam ni 255. Upande wa magharibi, ukipita Dilolo, ni 244 ya Angola. Wengi wananunua kadi nyingine njiani ili kupunguza gharama, na familia nyumbani inapigiwa na namba ngeni.

Walaghai wanapitia mlango huohuo. Mtu anapiga na kusema: "Ni mimi, simu yangu imeharibika, nitumie pesa kwa namba hii." Mwingine anadai ametuma pesa kwa kosa na anaomba zirudishwe haraka. Kwa kuwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ndiyo benki ya wakaaji wengi, dakika moja inatosha kupoteza mtaji wa juma zima.

Kinga ni rahisi. Usirudishe pesa kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Ujumbe mfupi peke yake si uhakika. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Na ndugu akipiga kwa namba mpya, muulize jambo ambalo ninyi wawili tu mnalijua, ao piga kwanza namba yake ya zamani.