Salio Unaliona, Ruhusa Huna: Mitego ya Pochi za Kripto za Idhini ya Pamoja

Ndugu zetu mlioko Muscat, Dubai, Doha na kwingineko, kuna ujumbe unaozunguka Telegram, kwenye magrupu ya WhatsApp na chini ya video za YouTube. Mtu anajifanya mgeni wa mambo ya kripto. Anasema ana USDT kwenye pochi lakini hajui namna ya kuzihamisha, anaomba msaada. Halafu, kama mtu aliyesahau funguo mlangoni, anaweka hadharani yale maneno 12 ya siri ya kufungulia pochi yake.

Ukiyaingiza kwenye simu yako, pochi inafunguka kweli. Salio lipo kweli. Tamaa inaanza kunong'ona: huyu mjinga, hebu nihamishe haraka kabla wengine hawajaamka. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya usalama wa mitandao, Kaspersky, ilieleza mtego wa aina hii, na pochi ya chambo ilikuwa na USDT za zaidi ya dola 8,000. Kwa dada wa kazi za ndani au fundi wa ujenzi, hiyo ni mishahara ya miezi mingi.

Hela inaliwa wapi hapo?

USDT zilizo kwenye mtandao wa TRON hazitoki bila ada, na ada hiyo hulipwa kwa sarafu nyingine inayoitwa TRX. Pochi ya chambo ina USDT nyingi lakini TRX hakuna. Basi unanunua TRX kwa hela yako na kuzituma humo ili ulipie ada. Tuseme ni za riali 10 za Oman, kama dola 26. Unabonyeza kutuma, inagoma. Unadhani ada haijatosha, unaongeza nyingine, inagoma tena. Mwenye mtego anazichukua TRX zako, na wewe huna njia ya kuzirudisha. USDT zile hazikusogea hata senti. Kesho anakuja mwingine mwenye tamaa kama yako.

Na tuambiane ukweli: hata kama ingewezekana kuzitoa, hela ile si yako. Mtego huu umetengenezwa hivyo makusudi, ili aliyeliwa aone aibu kusema.

Kwa nini inagoma

Fikiria akaunti ya benki ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Mtu anaweza kukuonesha taarifa ya benki, ukaona milioni zimo, lakini kama jina lako halimo kwenye orodha ya watia sahihi, hutoi hata shilingi. Pochi ya idhini ya pamoja, ambayo wenyewe huiita maltisigi, inafanya kazi vivyo hivyo. Kwenye TRON kila akaunti ina orodha ya anwani zenye ruhusa ya kuidhinisha malipo. Yule tapeli ameihamishia ruhusa kwenye anwani yake nyingine. Maneno 12 aliyokupa yanakufungulia dirisha tu. Mlango ana ufunguo wake mwenyewe.

Sisi wahasibu tunasema hivi: salio linaonesha hela iliyomo, halioneshi nani anaruhusiwa kuitoa. Kabla hujatia hela popote, uliza swali hilo la pili.

Mtego wa pili: pochi yako mwenyewe

Huu ni mbaya zaidi. Unatumiwa linki ya "zawadi" au ya "kuhakiki pochi yako". Ukiunganisha pochi na kubonyeza kukubali, kumbe umeidhinisha kubadilishwa kwa ruhusa za akaunti. Kuanzia hapo unaweza kupokea hela, lakini kutuma huwezi. Kuna anayeendelea kuweka akiba kila mwezi bila kujua, mpaka siku ya dharura nyumbani.

Wengine wanaliwa mapema zaidi, kwa sababu pochi walifunguliwa na mtu mwingine: rafiki wa rafiki, au "wakala" aliyechukua simu na kusema, niachie nikuwekee. Aliyeyaona maneno 12 siku ile ana uwezo sawa na wako, na anaweza kubadili ruhusa wakati wowote. Maneno hayo tengeneza mwenyewe, andika kwenye karatasi, usiyapige picha, usimwoneshe mtu.

Ukiona kwenye skrini maneno yanayofanana na "Update Account Permission", kataa na toka. Kupokea zawadi hakuhitaji ubadilishe ruhusa za akaunti yako. Kuhakikisha ni rahisi: fungua Tronscan kwa kuandika anwani ya tovuti mwenyewe, usipitie linki ya mtu. Bandika anwani ya pochi yako, ile inayoanza na herufi T, kisha tazama sehemu ya Permissions. Kwenye nafasi ya Owner iwepo anwani yako peke yake. Ukiona anwani usiyoijua, usiweke hata senti moja zaidi.

Mtego wa tatu: pochi ya kikundi

Vikundi vya upatu na vyama vya akiba huku ugenini navyo vinashawishiwa: tuweke michango kwenye pochi ya idhini ya pamoja, hakuna atakayeiba peke yake. Wazo si baya. Lakini kama mtu mmoja ndiye aliyetengeneza funguo zote tatu, hapo hakuna pamoja. Kuna mwizi mmoja mwenye sahihi tatu.

Mkiamua kuifungua, fanyeni hivi. Kila mtia sahihi atengeneze maneno yake kwenye simu yake. Wekeni idhini mbili kati ya tatu, si tatu kwa tatu, maana mmoja akipoteza simu au akirudishwa nyumbani ghafla, hela zote zinafungwa. Kabla ya michango, wekeni USDT 10, mzitoe kwa sahihi mbili, kisha mrudie kwa sahihi za jozi nyingine. Zikigoma, mmepona kwa bei ndogo.

Na anayetia sahihi asome anachoidhinisha. Februari 2025 soko la kripto la Bybit liliibiwa takriban dola bilioni 1.5 kutoka kwenye pochi ya idhini ya pamoja. Watia sahihi waliona kwenye skrini muamala wa kawaida, kumbe walichoidhinisha ni kitu kingine. Kama wakubwa wale waliliwa hivyo, sisi tusibonyeze kwa kuambiwa "harakisha".

Kama umeshaliwa

Acha kutuma papo hapo, na waambie wote wenye anwani hiyo waache. Fungua pochi mpya wewe mwenyewe, kwa maneno mapya. Kama pochi ya zamani bado inakubali kutuma, hamisha kilichobaki. Hifadhi namba ya muamala, anwani uliyotuma na mazungumzo yote, kisha ripoti polisi na kwa soko uliponunulia. Kampuni ya Tether, inayotoa USDT, ina uwezo wa kuzuia anwani, na imewahi kufanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola, kwa hiyo kuripoti mapema si kazi bure. Lakini hatuahidi kwamba hela itarudi.

Anayeahidi ni yule atakayekufuata inboksi akisema ana ujuzi wa kurejesha kripto, alipwe kwanza. Huyo naye ni tapeli. Mblock.

Kwa hela ya ada ya shule, dawa na matofali, duka la kubadilishia fedha lenye leseni lina risiti, lina kaunta, na lina mtu wa kumuuliza. Pochi iliyogeuzwa ruhusa haina hata kimoja.