Konje kwenye Mulima wa Moto: Uliza Kwanza Njia ya Kutoka



Konje inapokaribia, maneno ya safari yanaanza mezani. Watoto wameona katika telefone picha za Nyiragongo, ule mulima wa Goma wenye ziwa la moto ndani yake. Wanauliza: "Baba, tutaenda lini kuuona?" Ni ombi zuri. Watu wengi wa Lubumbashi wana jamaa kule Kivu, na mulima ule ni mali ya nchi yetu. Lakini mbele ya kuhesabu franga za tiketi, tukae kidogo tuhesabu usalama.

Wewe unayefanya kazi mugodini unajua sheria moja: hakuna mutu anayeingia mahali bila kujua atatokea wapi. Sheria hiyo ni ya mulima wa moto vilevile.

MULIMA UNAPASUKA UBAVUNI

Nyiragongo una urefu wa karibu meta 3,470. Mudomo wake wa juu una upana wa zaidi ya kilometa moja. Watu wengi wanafikiri kwamba hatari ni pale juu tu, kwamba moto utajaa na kumwagika sawa maziwa katika sufuria. Si hivyo.

Tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 1977, ubavu wa mulima ulipasuka. Ziwa la moto likatoka kwa nyufa hizo na kuisha kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, inakimbia. Pale juu kwenye mutelemuko mukali hakuna mutu anayeweza kushindana nayo kwa miguu. Watu wengi wa vijiji walikufa.

Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002, nyufa zilishuka mpaka karibu na Goma. Lava ilipita katikati ya muji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia katika ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia. Siku chache nyuma, kituo cha mafuta kililipuka, na watu waliokuwa pale kuchota mafuta walikufa.

Tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021, siku ya Posho mangaribi, ubavu ulipasuka tena. Lava ilisimama Buhene, mulangoni mwa Goma. Watu wapata 30 walikufa. Wengine walikufa katika ajali za barabarani wakikimbia. Wengine walikufa nyuma, walipojaribu kuvuka lava iliyoanza kupoa: kwa macho ilionekana kuwa jiwe, lakini ilikuwa ingali inatoa hewa ya sumu.

Umeona jambo lenyewe? Mara zote tatu, moto ulitokea chini ya mudomo. Mutu aliyesimama juu anaweza kukuta kwamba njia aliyopandia ndiyo njia ya moto. Ni sawa shimo linaloanguka mulangoni na wewe uko ndani.

HATA PALE WANAPOCHEZA

Kuna nchi ambako watu wanapeleka jamaa zao kucheza juu ya volkano yenye uhai. Katika New Zealand, mulima Ruapehu una theluji, na watu wanateleza juu yake kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Juu ya mulima huo kuna ziwa la maji. Mulima ukitikisika, maji yale yanaweza kushuka pamoja na matope na mawe. Usiku wa tarehe 24 ya mwezi wa kumi na mbili 1953 matope hayo yalivunja daraja la Tangiwai, na watu 151 wa gari la moshi wakafa. Katika mwaka 1995 na 1996 mulima ulilipuka, na mahali pa kuteleza pakafungwa.

Leo kule kuna vyombo vya kupima na vipaza sauti vya kutoa onyo. Kila mutu anayekwenda kuteleza anaelezwa neno moja: ukisikia onyo, toka bondeni, panda juu ya mugongo wa mulima. Anajua njia yake ya kutoka mbele ya kuanza kucheza.

Na vyombo peke yake havitoshi. Katika Japani, mulima Ontake ulilipuka tarehe 27 ya mwezi wa tisa 2014, karibu saa sita za muchana, siku ya Posho, wakati watalii walikuwa wengi juu. Siku hiyo daraja la onyo lilikuwa la chini kabisa. Watu 63 walikufa au hawakuonekana tena. Kwa hiyo mutu asikuambie "mulima umelala, hakuna neno." Mulima wenye uhai hautoi ahadi.

HEWA ISIYOONEKANA

Kapita anakukataza kurudi haraka mahali palipopasuliwa baruti. Kwa nini? Kwa sababu hewa ni mbaya hata kama moshi hauonekani. Wewe umezoea jambo hilo. Mama na watoto hawajazoea. Waeleze.

Kandokando ya Goma, mpaka upande wa Sake, kuna mahali watu wanapaita mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ndani ya udongo. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kupumua, kwa hiyo inalala katika mabonde na mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mbuzi anakufa, mutu mukubwa anapita salama, kwa sababu kichwa chake kiko juu. Mutoto mufupi, mutu aliyelala chini, mutu aliyeinama kuchota maji: hao ndio wanaopatwa kwanza.

Kwa hiyo: usiache watoto wacheze katika shimo usilolijua. Usilale chini katika bonde. Uliza wenyeji, wanazijua mazuku zao. Na ukimwona mutu ameanguka ndani, usirukie kumwokoa peke yako. Unajua katika mugodi ni wangapi walikufa kwa kumfuata mwenzao. Ita watu kwanza.

Juu kwenye mudomo kuna moshi mwingine, wenye harufu ya kiberiti, unaochoma macho na koo. Upepo ukiuleta kwako, ondoka. Usisimame kupiga picha. Wala usikaribie ukingo: mwaka 2007 mutalii mumoja alianguka ndani, akafa.

KIFUA CHAKO KWANZA

Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari. Nyiragongo ni karibu mara tatu. Kupanda ni mwendo wa saa 4 mpaka 6 kwa miguu, juu ya mawe makali, na usiku juu ni baridi kali sana. Pale hewa ya kupumua ni kidogo. Kichwa kikiuma sana, ukitapika, ukianza kuyumba, dawa ya kwanza ni kushuka.

Mutu aliyepumua vumbi la mawe miaka mingi asijidanganye kwa nguvu za mikono yake. Aende kwa munganga mbele ya safari, apimwe kifua na moyo. Mama mwenye mimba, mutoto mudogo na mwenye pumu wasipande.

MASWALI MATANO MBELE YA KULIPA TIKETI

1. Mwenye mulima anasema nini? Nyiragongo uko ndani ya Parke ya Virunga, na parke ndiyo inayofungua na kufunga njia. Mutu wa barabarani anayekuambia "nitakupitisha" anakuuzia hatari.

2. Wachunguzi wanasema nini? Goma kuna kituo cha kuchunguza volkano, OVG. Lakini kumbuka: mbele ya 2021 kituo hicho kilipungukiwa pesa, na moto ulikuja bila onyo la wazi.

3. Njia za kutoka ni ngapi? Moja haitoshi.

4. Nani nyumbani anajua tutakuwa wapi, na siku gani tutarudi?

5. Njia ya kufika iko na amani?

Swali hili la tano peke yake linaweza kumaliza maneno. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mahali penye vita hapana konje. Ikiwa jibu moja kati ya matano ni baya, safari inaishia pale mezani, na hakuna haya. Franga zitangoja. Mulima nao utangoja.

Waambie watoto ukweli huo, bila kuwatisha. Waonyeshe mulima kwenye karta, waeleze namna unavyopasuka na namna mazuku inavyolala. Siku njia itakapofunguka, watapanda wakijua. Na jamaa walio Goma, wapigie simu, uwaulize: mukilazimika kukimbia usiku, mutapita wapi, na nani atashika watoto mukono?

Fundi wa kweli anarudi nyumbani kila siku. Konje vilevile ni safari ya kwenda na kurudi.