Soko la Japani na Usafi wa Kahawa Yetu

Nchini Japani, kahawa ya arabika kutoka Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, huruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata kama imevunwa Tukuyu. Hivyo mkulima wa Rungwe hufaidi sifa ya jina hilo, naye anawajibika kulilinda.

Ladha nzuri peke yake haitoshi. Tangu Mei 2006, sheria ya Japani inadhibiti mabaki ya dawa zote za kilimo katika chakula. Dawa isiyowekewa kiwango chake maalumu haipaswi kuzidi miligramu 0.01 katika kilo moja, yaani gramu 1 katika tani 100. Mwaka 2008, mabaki ya dawa yaligunduliwa katika kahawa ya Ethiopia iliyofika huko. Magunia yakashukiwa, na biashara ikadorora.

Kahawa ya wanachama huchanganywa ghalani. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: gunia moja lililowahi kubeba dawa laweza kupoteza jasho la chama kizima.

Kwa hiyo makatibu wanashauriwa mambo matatu:

1. Kuweka daftari la kila mwanachama lenye jina la dawa, kiasi na tarehe ya kupuliza.
2. Kupokea kahawa katika magunia safi tu.
3. Kutohifadhi dawa katika ghala la kahawa.

Kasoro na irekebishwe mizani ikingali Tukuyu. Mzigo ukishavuka bahari, majuto ni mjukuu.