Magofu ya udongo yanayomezwa na mvua Magharibi mwa Kenya

Msafiri anayeondoka Shianda, Kaunti ya Kakamega, kwenda kuzuru magofu ya kale ya eneo la Magharibi hana budi kwanza kufahamu anachokitafuta. Hatakuta kuta za matumbawe na chokaa kama zile za Gede, Kilifi, wala mawe yaliyopangwa bila saruji kama ya Thimlich Ohinga, Migori. Atakuta mahandaki na matuta ya udongo, mara nyingi yakiwa yamefunikwa na nyasi au mimea ya shambani.

Sababu ni kwamba wenyeji wa zamani walijenga kwa kile walichokuwa nacho. Wawanga, Wabukusu na Watachoni walichimba handaki kuzunguka kijiji, wakautupa udongo upande wa ndani na kuusimamisha kuwa ukuta. Milango ilikuwa myembamba ili adui asiingie kwa kundi.

Kutoka Shianda, kituo cha kwanza ni Mumias, mji ambao zamani ukiitwa Elureko. Wafanyabiashara Waswahili waliokuja na misafara kutoka pwani waliuita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Mgunduzi Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883, wakati Nabongo Mumia alipokuwa amerithi kiti cha babake. Mumia aliaga dunia mwaka 1949, na kaburi lake liko Matungu, penye makaburi ya wafalme wa Wanga.

Safari huendelea kaskazini kwa kuvuka Mto Nzoia hadi Bungoma, kisha Webuye. Juu ya mji huo, katika vilima vya Chetambe, ndiko ilikokuwa ngome iliyopewa jina la mzee wa Kitachoni, Chetambe.

Vituo hivyo viwili vimeunganishwa na vita. Mwaka 1895, msafara wa kijeshi ulitoka Mumias, ambako Charles Hobley aliiwakilisha serikali ya Uingereza, ukaenda kuwakabili Wabukusu na washirika wao. Wapiganaji wa Wanga walikuwa miongoni mwa waliousindikiza. Ngome ya Lumboka iliangushwa kwanza, kisha Chetambe. Handaki lililokuwa limewazuia maadui wa mikuki halikufua dafu mbele ya bunduki za kisasa, na watu wengi waliuawa.

Kwa hivyo, anayezuru Mumias pekee husikia habari za ufalme uliostawi kwa kushirikiana na wageni. Anayepanda Chetambe husikia habari za walioulipia ushirikiano huo kwa damu. Historia ya eneo hili haikamiliki bila pande zote mbili.

Hatari iliyopo ni kwamba ushahidi wenyewe unatoweka. Mvua za Magharibi ni nyingi, na matone yakipiga udongo usio na majani, tuta huporomoka na kulijaza handaki. Vijia vya mifugo hugeuka mifereji. Jembe na trekta humalizia kazi hiyo kwa kusawazisha kilichosalia. Jiwe likianguka laweza kuinuliwa na kurudishwa mahali pake, lakini tuta lililolimwa halirudi.

Hata hivyo, msimu wa mvua humpa mgeni faida moja. Penye handaki la zamani lililofukiwa, aghalabu maji hutuama na majani hustawi kuliko kandokando, na hivyo jicho likaweza kuufuata mstari wa ngome. Mgeni ajihadhari tu na utelezi, aombe ruhusa ya mwenye shamba na asikanyage matuta.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaruhusu mahali pa kihistoria patangazwe kuwa turathi inayolindwa. Lakini kinga ya kwanza ni rahisi kuliko sheria: kuacha nyasi na miti juu ya matuta, kwa kuwa mizizi ndiyo huushika udongo. Jukumu hilo li mikononi mwa wenye mashamba, na serikali za kaunti zina wajibu wa kuwasaidia kabla misimu mingine ya mvua haijapita.