Joto Lililomo Guniani na Mtungini

Ukisimama Mikumi mjini, pembeni mwa barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia, utaona malori ya mafuta yakipita, gunia la mkaa lililofungwa lumbesa juu ya pikipiki, na mitungi ya gesi iliyopangwa mlangoni pa duka. Mafuta huuzwa kwa lita, gesi kwa kilo, mkaa kwa gunia au kopo. Lakini mama anayeinjika ugali anachohitaji ni joto, na joto halikuandikwa kwenye gunia wala kwenye mtungi.

Joto hilo hupimika. Chukua koroboi ya mafuta ya taa, ipime kwenye mizani, iwashe chini ya kopo lenye nusu lita ya maji. Kila gramu ya maji huhitaji juli 4.18 ili ipande nyuzijoto moja. Tuseme maji yamepanda kutoka nyuzi 25 hadi 65, na koroboi imepungua gramu 4. Maji yamepokea kilojuli 83.6, yaani karibu 21 kwa kila gramu ya mafuta. Kumbe mafuta ya taa hutoa kama 46! Zilizobaki zimekwenda wapi? Pindua kopo uone masizi: hiyo ni kaboni ambayo haikuungua. Joto jingine limechukuliwa na upepo, jingine limenywewa na bati.

Kwa sababu hiyo maabara hutumia kalorimita ya bomu, chombo alichokibuni Mfaransa Marcellin Berthelot katika karne ya 19. Ni chupa nene ya chuma. Sampuli ya gramu moja hivi huwekwa ndani, oksijeni hushindiliwa hadi mgandamizo wa angahewa 30, chupa huzamishwa majini, kisha waya wa umeme huiwasha sampuli. Hautoki moshi wala haupiti upepo. Maji hupanda nyuzi chache tu, kwa hiyo kipimajoto lazima kisome hadi sehemu ndogo sana za nyuzi. Na kwa kuwa chupa nayo hunywa joto, fundi hutangulia kuunguza asidi ya benzoiki, ambayo joto lake linajulikana, kilojuli 26.4 kwa gramu, ili ajue chombo chake kinadai kiasi gani. Kwangu mimi hatua hii ndiyo roho ya kazi yote. Anayeiruka huishia na namba tupu.

Haidrokaboni, yaani viambata vya haidrojeni na kaboni peke yake, huongoza kati ya nishati za jikoni. Metani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia ya Songo Songo, hutoa kilojuli 55 kwa gramu. Butani ya mtungini 49. Mkaa mkavu hutoa kama 30, kuni kavu chini ya 20. Kuni ina oksijeni nyingi ndani ya molekuli zake, ni kana kwamba imeanza kuungua kabla ya kiberiti.

Maji nayo hula joto. Katika vijiji vya wilaya ya Kilosa, ambako mashirika ya uhifadhi wa misitu TFCG na MJUMITA yalianzisha mradi wa mkaa endelevu mwaka 2012, mchomaji makini huyaacha magogo yakauke kabla ya kuyapanga kwenye tanuri. Kila kilo ya maji iliyomo ndani ya gogo humeza megajuli (yaani kilojuli elfu moja moja) zipatazo 2.5 mpaka iwe mvuke, na joto hilo hulipwa kwa miti.

Sasa turudi dukani. Gunia la kilo 50 lina megajuli 1,500. Mtungi wa kilo 15 una kama 740. Gunia ni mara mbili ya mtungi. Ila jiko la mkaa la bati huingiza sufuriani kama moja ya tano ya joto lake, na jiko la gesi nusu au zaidi. Piga hesabu: gunia limepeleka 300, mtungi 370.