Mjamzito, anza kwa kuacha udongo

Pita kwenye genge lolote la Mbagala, Tandika au Tandale, hapa Dar es Salaam: pembeni ya mafungu ya nyanya na vitunguu utakuta vifuko vya udongo. Wengi huuita pemba. Ni vipande vya kahawia au kijivu vilivyokaushwa vikawa vigumu, na vinaliwa kama vitafunwa. Dada ananunua pamoja na ndimu na tangawizi, anatia kwenye mkoba, kimoja anakimumunya ndani ya daladala, na hakuna anayemshangaa. Huyohuyo akifika nyumbani akachemsha yai, ndipo atakapokatazwa: mtoto atazaliwa hana nywele.

"Nisile nini?" ni swali ambalo sisi tunaoshughulika na lishe ya wajawazito tunaulizwa karibu kila siku. Shida ni kwamba anayeuliza huwa amekwisha kupewa makatazo na mama mkwe, shangazi au jirani, na mara nyingi makatazo hayo yanamnyima chakula anachokihitaji na kuyaacha yanayomdhuru. Yai lililoiva halimnyimi mtoto nywele. Ni protini ya bei nafuu kuliko nyama, na mwanamke wa Buza au Bunju mwenye uwezo wa kula yai moja kwa siku ale bila hofu.

Udongo ndio wa kuachwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliowahusu wajawazito 971 hapa nchini wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Takriban 29 kati ya kila 100 walikuwa wakila udongo mara kwa mara, na hao ndio walioonekana zaidi kuwa na upungufu wa damu na minyoo aina ya askarisi. Kule Geita, kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito waliohojiwa wanakula udongo, na sampuli zilizopimwa zilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Udongo wa gengeni hauna lebo. Muuzaji mwenyewe aliununua kwa mwingine, hajui ulichimbwa shimo gani wala kuna nini ndani yake.

Madhara yake makubwa yako kwenye damu. Udongo wa aina hii hunasa madini ya chuma tumboni kabla mwili haujayafyonza. Mama anakula tembele na dagaa mchana, anameza kidonge cha kuongeza damu usiku, na kati ya hapo anatafuna udongo unaompunguzia faida ya vyote viwili. Na damu kwetu tayari ni tatizo: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wajawazito Tanzania wana upungufu wa damu. Mwanamke anayeingia leba na damu kidogo hana akiba. Akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kiasi ambacho mwenzake angekistahimili kinaweza kumuua.

Sisemi hivi kumlaumu mtu. Hamu ya udongo ni ya kweli, na wengi watakwambia unawatulizia kichefuchefu na mate ya miezi ya mwanzo. Mara nyingi hamu hiyo huendana na upungufu wa madini ya chuma, na ndiyo maana kumgombeza mjamzito hakusaidii. Atakula kwa kificho, kisha nesi akimuuliza atakataa. Hayo nayasema pia kwa anayetafuna mchele mbichi au barafu kutwa nzima. Hamu ya namna hiyo ni sababu ya kupimwa damu, haina aibu yoyote.

Baada ya udongo, nina wasiwasi na maziwa mabichi. Watu wengi wa Dar huyachemsha ya chai, hilo naliona na kulishukuru. Tatizo ni mtindi. Maziwa huachwa yagande yenyewe bila kuchemshwa, na watu huamini ule uchachu umeua kila kitu. Vijidudu vya bruselosi na listeria vinaweza kubaki humo, na vyote viwili vinaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kufia tumboni. Kama hujui mtindi wa muuzaji ulitengenezwaje, nunua maziwa, yachemshe mpaka yafoke, yapoe, ndipo uyagandishe mwenyewe.

Nyama iive mpaka ndani, na mishikaki yenye wekundu katikati irudishwe jikoni. Chipsi mayai ni sawa ikiwa yai limeshikana lote, halina ute. Yule kijana anayetembeza mayai ya kuchemsha jioni hana kosa kwenye yai, maana lina ganda lake na limeiva. Wasiwasi uko kwenye kachumbari anayoijaza juu yake, iliyokatwa saa nyingi zilizopita na kuoshwa kwa maji usiyoyajua. Mwambie akupe yai na chumvi tu. Juisi ya miwa yenye barafu ni vilevile. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Kinondoni hapahapa, kikaenea hadi wagonjwa nchini wakapita 20,000, na mjamzito anayeharisha hivyo anapoteza maji kwa ajili ya watu wawili.

Karanga na unga wa lishe nimeviweka peke yake kwa sababu mama hununua kwa nia njema kabisa. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu 20 kati ya 68 waliougua huko Dodoma na Manyara. Kiasi kidogo hakikuangushi siku hiyohiyo, ila huumiza ini taratibu, na zipo tafiti zinazoihusisha na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kupika hakuitoi. Chagua karanga mwenyewe moja moja, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, kisha peleka mashine ukiwa umesimama hapo. Unga uliosagwa tayari huwezi kuukagua.

Maini yana damu nyingi, ni kweli, lakini yana vitamini A nyingi mno pia, na ikizidi, hasa miezi mitatu ya kwanza, inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile. Kipande kidogo mara moja moja, siyo kila siku. Samaki kula, tena vibua na dagaa ni bora kwako. Wa kuwaacha ni papa na samaki wengine wakubwa wanaokula wenzao, wawe wabichi au wakavu, kwa kuwa hukusanya zebaki mwilini. Pombe hakuna kipimo chake kilicho salama, iwe bia au gongo. Dawa za mitishamba za "kulainisha njia" au kuharakisha uchungu usizinywe, hata akikuletea mtu unayemheshimu.

Chai ya rangi nayo iondoke mezani wakati wa kula, uinywe saa moja au mbili baadaye, maana hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa. Badala yake kamulia ndimu kwenye mboga, au maliza mlo kwa chungwa. Vidonge vya kuongeza damu vikikuletea kichefuchefu, vimeze usiku baada ya chakula. Choo kuwa cheusi ni kawaida, kisikufanye uvifiche chini ya godoro.

Na wewe mama unayekula udongo: siku yako ya kliniki, iwe zahanati ya mtaani au hospitali ya Mwananyamala au Temeke, mwambie nesi kabla hajakuuliza. Omba upimwe wingi wa damu, na uliza kuhusu dawa ya minyoo, ambayo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Mama mkwe akiwa na nafasi, mwende naye, asikie kwa mtaalamu mwenyewe kwamba yai linaruhusiwa.